Butike yako inapokea feza gani? Namna ya kuchagua bila kukula kapitali

"Munapokea M-Pesa?" "Dola hii imepasuka kidogo tu, muichukue." "Mama, niandikie kwenye kaye, mwisho wa mwezi nitaleta." Mutu mwenye anauzisha unga, sabuni na mafuta kwenye butike ya kartiye anasikia maneno haya mara mingi kwa siku. Na mara mingi anajibu "ndiyo" bila kufikiri, juu anaogopa muteja asiende kwa jirani. Kisha miezi sita rafu ziko tupu, kumbe wateja walikuwa wanakuja kila siku.

Kuchagua njia ya kulipwa ni kazi ya biashara sawa vile kuchagua bei. Kila njia inakula kitu: ingine inakula komisyo, ingine inakula kwenye kiwango cha dola, ingine inakula wakati, ingine inaita wezi usiku. Hapa tunaeleza njia zenye tunatumikisha huku mashariki, kutoka Aru mupaka Kalemie, na namna mwenye butike anaweza kupima ya kukubali na ya kukatala.

Anzia kwenye depo

Ulizo lenye watu wengi wanaanza nalo ni hili: wateja wangu wako na feza gani? Ulizo hilo ni la maana, lakini ni la pili. La kwanza ni: mimi mwenyewe, nikienda kutafuta biashara, nitalipa na nini? Kwenye butike ya kartiye feza haikai, inapita tu. Inaingia kwa mulango wa mbele, inatoka kwa mulango wa nyuma, inaenda kwenye depo, kwa mwenye nyumba, kwenye masomo ya watoto. Kama feza yenye inaingia haifanane na yenye inatoka, kuko mutu katikati mwenye atakulipisha juu ya kuibadilisha: kambisti, mwenye kabine, ao yule mwenye atakukopesha wakati umekwama.

Huku kwetu hiyo tofauti ni kubwa. Depo mingi zinahesabu kwa dola, hata kama bei inasemwa kwa franka, sababu muzigo umetoka Uganda, Tanzania, Dubai ao China na umelipwa kwa dola. Nyumba za kupanga, za biashara zaidi, zinalipwa mara mingi kwa dola. Lakini mama mwenye anakuja kununua nusu kilo ya muchele na kipande cha sabuni analeta franka za Kongo, mara ingine noti za 500 tupu. Kwa hiyo mwenye butike ndogo, hata bila kujua, amekuwa kambisti. Dola ikitembea, hasara ni yake.

Tupige hesabu. Tuseme mufuko wa muchele wa kilo 25 unaununua dola 20, na dola moja iko franka 2.300. Unauzisha kilo moja 2.000. Mufuko ukiisha umepata 50.000, ni kusema dola 21 na senti 74. Faida ni dola moja na senti 74. Sasa tuseme wateja wote walilipa kwa simu, na kutosha feza kwenye kabine kumekula 2 kwa 100. Unabaki na 49.000, ni dola 21 na senti 30. Bado haiko mubaya. Lakini tuseme pia mufuko ulichukua wiki mbili mbele ya kuisha, na katika hizo wiki mbili dola ikapanda mupaka 2.450. Gawanya 49.000 kwa 2.450: ni dola 20 kamili. Mufuko umeisha, wateja wamekula, na wewe umetumika wiki mbili bure. Na kama katika hizo kilo 25 kuko kilo moja tu yenye iko kwenye kaye ya madeni, mufuko wenye unafuata hutaufikia tena na feza yako.

Hesabu hii ni ya mufano. Weka bei zako na kiwango cha siku ya leo, lakini uifanye. Wenye butike wengi wanajua faida ya mufuko kwenye siku ya kununua. Wachache wanajua faida ya mufuko kwenye siku ya kurudi depo.

Franka mukononi

Franka ya Kongo ilizaliwa tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka wa 1998, ikachukua nafasi ya zaire mupya: franka moja kwa zaire mupya 100.000. Noti za 1.000, 5.000, 10.000 na 20.000 zilikuja mwaka wa 2012. Ni feza ya inchi, na kisheria muuzaji hana haki ya kuikatala. Kwa butike yenye kuuzisha vitu vya bei ya chini, njo feza yenye itakuwa mingi kwenye sanduku, upende usipende.

Magumu yake ya kwanza ni noti yenyewe. Noti inachoka, inapasuka, inaunganishwa na skochi. Benki Kuu ya Kongo imerudilia mara mingi kama noti ya kuchoka inabaki na bei yake na inaweza kubadilishwa benki. Hiyo ni kweli pahali kuko benki. Goma na Bukavu, tangu mwanzo wa mwaka wa 2025, wakati miji hiyo ilikamatwa na AFC/M23 na mabenki yakafunga milango, noti mupya zilikosekana na zile za zamani zikaendelea kuzunguka mukono kwa mukono mupaka zikaanza kuachana. Wauzaji wakaanza kuzikatala, wanunuzi wakakasirika, kukawa fujo kwenye masoko juu ya noti ya 500.

Katika hali kama hiyo mwenye butike afanye nini? Jibu linarudi kwenye depo: chukua noti yenye depo yako inachukua. Peleka kwanza noti mbili tatu za kuchoka, uone zenye zinapita na zenye zinarudishwa. Kisha ukatale sawasawa kwa watu wote. Muuzaji mwenye anachukua noti ya kupasuka kwa shemeji na kuikatala kwa mukimbizi, siku moja ataombwa maelezo mbele ya watu.

Magumu ya pili ni kurudishia. Noti ya 50, hata ya 100, pahali pengi wauzaji hawaitaki tena. Muteja anarudishiwa bombo ao kiberiti, na kila mutu anajua hiyo bombo hakuiomba. Ni heri kupanga bei zako zifuate noti zenye ziko. Kama noti ndogo yenye inatembea kwenye kartiye yenu ni ya 200 ao ya 500, sabuni ya 450 itakuletea maneno kila siku.

Dola, na feza za jirani

Uzuri wa dola ni moja: depo inaitaka. Muteja akikupa dola, umefika karibu na mufuko wenye unafuata bila kupita kwa kambisti. Lakini huku kwetu dola iko na sheria zake zenye haziandikwe popote. Noti yenye kupasuka hata kidogo kama ukucha inarudishwa. Noti za zamani zenye kichwa kidogo zinarudishwa. Noti ya dola moja, wengi hawaitaki. Kwa Wamarekani wenyewe noti za dola hazikufe: za zamani na za sasa zote zingali na bei yake. Kukatala kunatoka kwetu, kwa kambisti na kwa depo, kila mumoja anaogopa kama mwenye anafuata ataikatala. Mwenye butike hawezi kuvunja munyororo huo peke yake. Ukichukua dola ya kupasuka kwa huruma, hiyo huruma utailipa wewe.

Kama unapokea dola, andika kiwango chako kila asubui na ukiweke pahali muteja anaona. Uliza kambisti wawili mbele ya kufungua mulango. Usikubali muteja akuletee kiwango chake, na usibadilishe katikati ya siku kwa kuangalia uso wa mutu.

Na usizani kama dola inapanda tu. Mwezi wa 9 na wa 10 mwaka wa 2025 franka ilipata nguvu: dola ilitoka juu ya 2.800 ikashuka chini ya 2.500 ndani ya wiki chache. Wale wenye walikuwa wamefungia feza yao yote kwenye dola, na wako na madeni ya kulipa kwa franka, waliumia. Kwa butike ndogo kinga kubwa haiko kutabiri dola. Ni kurudi depo haraka: mufuko tatu kila wiki kuliko mufuko kumi na mbili kila mwezi, kama safari haikule faida yote.

Wazee wetu wanapenda dola na wako na sababu. Mwezi wa 12 mwaka wa 1979 serkali ya Mobutu iliondoa noti za zaire 5 na 10, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Akiba za watu wengi, zaidi wenye walikaa mbali na benki, zikageuka karatasi. Mwaka wa 1993 noti ya zaire milioni 5 ilikataliwa sokoni, na mwisho wa mwaka huohuo zaire mupya ikakataliwa Kasai yote. Mama wa miaka 65 akikuambia "franka siilaze nyumbani", hasemi hivyo kwa kutojua.

Kwenye mipaka kuko pia feza za jirani. Aru na Mahagi shilingi ya Uganda inatembea kama feza ya nyumbani, Kasindi vilevile. Goma inajua franka ya Rwanda, Uvira inajua ya Burundi. Hapa kanuni ni fupi: chukua feza ya inchi kwenye wewe mwenyewe unaenda kununua. Muuzaji wa Goma mwenye anatafuta nyanya na maziwa Gisenyi anaweza kupokea franka ya Rwanda bila hasara. Mwenye anatafuta kila kitu kwenye depo ya Birere na analipa dola, atabadilisha mara mbili. Na feza ya Burundi iangalieni sana, sababu kiwango cha benki na cha barabarani kwa miaka mingi haviko kimoja.

Simu, na ulizo la nani analipa komisyo

M-Pesa ilianza Kenya mwaka wa 2007. Hapa Kongo Vodacom iliileta mwaka wa 2012. Airtel Money na Orange Money ziko pembeni yake, na leo hata mama wa mboga ameandika namba yake kwenye kipande cha karto. Uzuri wa simu unajulikana: hakuna kurudishia, hakuna noti ya kupasuka, na mutoto mwenye iko Kinshasa ao Kampala anaweza kulipa unga kwa butike yako na mama yake akauchukua mangaribi. Wateja wa namna hiyo ni wa zahabu, sababu hawaombi deni.

Maneno yanaanzia kwenye komisyo. Mwenye kutuma anakatwa, mwenye kutosha anakatwa. Muteja anatuma 10.000 kamili, muuzaji anasema "ulipaswa kutuma na ya kutosha", muteja anasema "bei yako ni 10.000". Nani iko na haki? Inategemea wewe feza hiyo unaipeleka wapi. Kama depo yako inapokea simu, hautoshi kitu; ukiomba muteja komisyo ya kutosha, ni bei ya juu yenye umeficha, na siku moja atajua. Kama unatosha kila kitu kwenye kabine kila mangaribi, basi komisyo ni gharama ya kweli na lazima ilipwe na mutu: ao uiweke ndani ya bei, ao uandike kama chini ya kiasi fulani haupokee simu. Kitu chenye hakiwezekane ni kuacha neno hilo bila kulipanga na kubishana na kila muteja.

Goma ilitufundisha hiyo kwa nguvu. Mabenki yakifunga, mishahara ya mashirika, musaada na feza za ndugu vikapita kwenye simu, na kila mutu akataka kutosha siku moja. Kabine zikakosa noti, na komisyo yenye waliomba ikapita ile yenye kampuni iliandika. Wauzaji wenye waliumia kidogo ni wale wenye walikuwa wamesikilizana na depo mapema: feza ya simu inatoka kwa simu, haiguse noti. Kama hujauliza depo yako neno hilo, liulize wiki hii, hata kama uko Butembo ao Bunia na benki iko wazi.

Kuko konti ya mutu binafsi na kuko konti ya muuzaji, yenye iko na kodi yake. Komisyo zao na mipaka yao haviko sawa. Nenda kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, usiende kwa kijana wa barabarani, na uombe karatasi ya bei. Wanaweza kukuomba kitambulisho na karatasi za biashara, kama patente. Na ukumbuke kama konti moja iko na pande mbili, franka na dola. Bei ikisemwa kwa franka, muteja atume kwa upande wa franka. Akituma dola, amekuchagulia kiwango.

Jambo lenye linasahauliwa sana ni jina la karte ya simu. Karte mingi zinauzishwa barabarani zikiwa zimeandikwa jina la mutu mwingine, na muuzaji anaanza kupokelea feza pale. Dada yangu alifanya hivyo. Siku namba ya siri ilifungwa, alienda kwenye ofisi ya kampuni, siitaji jina, wakamwambia alete mwenye jina. Mwenye jina hakuna mutu mwenye alimujua. Feza ya mifuko mine ya unga ilikaa ndani, yeye inje. Mbele ya kuandika namba yako kwenye ukuta, hakikisha inafuata karte yako ya mupigakura ao kitambulisho kingine chenye uko nacho mukononi.

Kuhusu wezi wa simu, mutego wa kawaida ni ujumbe wa uongo. Unaonekana kama wa kampuni, lakini umetoka kwa namba ya mutu. Mwingine anapiga kisha dakika mbili: "Papa, nimekosea namba, unirudishie." Anza na kuangalia salio, si ujumbe. Shida ni kama kwenye butike nyingi mwenye anauzisha muchana ni mutoto, na salio linaomba namba ya siri, na namba ya siri haipewe mutoto. Namna moja ni hii: simu ndogo ya mabatani inabaki butike kwa kupokea tu, sababu kupokea hakuombi namba ya siri. Ujumbe wa kweli wa kampuni unaonyesha pia salio mupya. Mutoto anaandika salio la mwisho kwenye karatasi, na kila ujumbe ukiingia anajumlisha. Kama hesabu haifike pale, biashara haitoke. Na feza ya mutu mwenye anasema amekosea hairudishwi na mutoto hata siku moja. Anamwambia apigie kampuni.

Kampuni ngapi? Mbili zinaenea kwa butike ndogo. Ya kwanza ni yenye depo yako inatumikisha, ya pili ni yenye rezo yake inakamata muzuri kwenye kartiye yenu. Ukichukua zote, feza yako inagawanyika katika masanduku madogo madogo, kila moja haienee kununua mufuko.

Kaye ya madeni

Watu wanaona deni kama huruma, ao kama ubaya wa wateja. Deni ni njia ya kulipwa kama zingine, na huku kwetu pengine njo kubwa kupita zote. Muteja analipa na neno lake. Ulizo ni lilelile: neno hilo linafika depo?

Wenye kukopa sana ni watu wa mushahara, na si kwa sababu ya tabia. Tangu mwaka wa 2011 serkali ilianza kupitisha mishahara ya watumishi wake kwenye mabenki, na kwenye vijiji vya mbali walimu wengi walilipwa kwa njia ya Caritas. Mushahara ukichelewa mahali fulani njiani, hasara haibaki kwa serkali, inashuka mupaka kwenye rafu ya butike. Mwalimu mwenye mushahara umekwama miezi miwili anakula kwa kaye yako. Umekuwa benki ya serkali bila kuweka sahihi popote.

Kukatala deni kabisa ni rahisi kuandika kwenye ukuta, ni nguvu kufanya kwenye kartiye kwenye shangazi, choriste mwenzako na askari wanakaa avenue moja. Njia yenye nimeona inasaidia ni kuweka mupaka wenye hautoki mudomoni mwako. Kaye iko na majina kumi, basi. Jina la kumi na moja linangojea moja litoke. Ukimwambia mutu "kaye imejaa", haukumwambia "sikuamini". Na jumla ya madeni isipite faida ya mwezi. Ikianza kugusa feza ya mufuko, funga.

Kiwango cha dola kinakula deni kuliko kitu kingine chochote. Mutu anachukua kilo kumi za muchele kwa 20.000, analeta 20.000 kisha miezi miwili, na yeye anajiona amelipa yote. Kama katikati dola ilipanda, amekurudishia kilo tisa. Wauzaji wengine wanaandika kilo, hawaandike feza: ulichukua kilo kumi, utalipa bei ya kilo kumi ya siku ya kulipa. Hiyo ni haki kama imesemwa siku ya kwanza, mbele ya kuchukua, na bei ikishuka muteja pia apate faida yake. Ikisemwa siku ya kulipa, ni ugomvi.

Andika tarehe, kitu, kipimo, na muteja aweke sahihi ao alama. Neno lenye tunaogopa kulisema ni kama watu wetu wanakimbia. Vita ikisogea, kartiye inaachwa usiku mumoja, na kaye inabaki na majina tu. Mwenye butike mwenye alikuwa na nusu ya kapitali yake kwenye kaye, hata akirudi salama na watoto wake wote, hana cha kuanzia. Njo sababu pahali kwenye hali haitulie mupaka wa majina kumi unaweza kuwa majina tatu.

Kuhusu karte za benki na mashini zake, nitasema kidogo. Ni za hoteli na magazini makubwa. Kama muteja mumoja kwa mwezi anakuuliza, haustahili bado.

Wezi wanasoma pia ukuta wako

Kila njia yenye unatangaza inaambia watu nini kiko ndani. Mashambulizi ya usiku juu ya wenye kabine na wachenji dola tumeyatangaza mara mingi kwenye redio, na wengi walifuatwa nyumbani kisha kufunga. Butike yenye inapokea dola na inafanya kabine hapohapo inajulikana mbali. Unaweza kupokea dola bila kuandika "DOLA" kwenye mulango. Wateja wako wenyewe wanajua. Simu inapunguza noti za kulala nayo, lakini simu na namba ya siri kwenye mufuko wa suruali moja ni sanduku lenye kutembea. Gawanya: simu ya butike iwe ya kupokea, na feza ihamishwe mangaribi mapema kwenda kwa namba ingine yenye haikae butike.

Kupima kwa wiki mbili

Kama haujui uanzie wapi, chukua kaye mupya na ugawanye ukurasa kwa misitari: franka, dola, simu, deni. Wiki mbili andika kila feza yenye imeingia na njia yake. Upande wa pili andika kila feza yenye imetoka, na njia yake pia: depo, nyumba, masomo, polisi wa barabara kama ipo. Wiki ya pili ikiisha linganisha. Pahali upande wa kuingia ni mukubwa kuliko wa kutoka, kule njo unapoteza, na kule njo utaongea na mutu. Kama ni simu, ongea na depo. Kama ni franka, rudi depo haraka zaidi. Kama ni deni, anza kufunga majina.

Kisha andika ubao wako kwa maneno ya wazi, kama haya: "Tunapokea franka na M-Pesa kuanzia 5.000. Kiwango cha dola leo: ... Kaye imejaa." Weka ubao huo mwanzo wa wiki, si siku ya mishahara, na uambie wateja wa zamani kwa mudomo mbele hawajausoma. Watakasirika siku tatu ine. Jirani yako atawapokea, na pengine atawaandika kwenye kaye yake.

Kiasi chenye umeandika pale, 5.000 ao kingine, ukipime tena kila wakati kampuni inabadilisha karatasi yake ya bei.